Kuku Wanaanguka, Mbuzi Kavimba Taya: Tafuta Chanzo Kabla ya Kutuma Mtu Dukani

Kuku akizubaa asubuhi, katika maboma mengi ya huku Malindi, pwani ya Kenya, kuanzia Ganda, Kakuyuni, Jilore hadi Marafa, hatua ya kwanza huwa ileile. Mtoto anatumwa dukani kununua kapsuli ya tetrasaiklini, inafunguliwa, unga unamwagwa kwenye kopo la maji, na kuku wote wanainywa, mgonjwa na mzima. Wakati mwingine kuku hupona na kapsuli ikapata sifa. Mara nyingi zaidi alikuwa na virusi, minyoo, viroboto au chumvi nyingi tumboni, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoguswa na kapsuli ile.

Kabla ya dawa yoyote kuna maswali manne. Wanaougua ni wa umri gani? Ni mmoja au wengi kwa pamoja? Walianza ghafla au wamedhoofika kidogo kidogo? Na katika wiki mbili zilizopita kitu gani kimebadilika: mvua, chakula, maji, kuku mgeni kutoka sokoni, arusi kwa jirani? Majibu hayo, pamoja na kinyesi cha asubuhi chini ya sehemu wanayolala, hupunguza orodha ya magonjwa 20 ikabaki ya mawili au matatu.

Kuku wakubwa kwa wadogo wanakufa ndani ya siku chache

Kama vifo vimeanza na mmoja, kesho yake wakawa watatu, na kufikia wiki banda limebaki na wawili, fikiria mdondo (Newcastle) kwanza. Dalili zake: kuharisha kijani, kuhema mdomo wazi, mabawa kulegea, na kwa wale wanaochukua siku kadhaa kabla ya kufa, shingo kujipinda hadi kichwa kinatazama mgongo. Wengine hawaonyeshi lolote, unawakuta wamelala chini ya mnazi wamekauka. Tangu virusi kuingia mwilini hadi dalili kuonekana hupita siku 2 hadi 15, kwa kawaida 5 au 6, na ndiyo sababu kuku aliyenunuliwa sokoni akionekana mzima huweza kuleta msiba wiki inayofuata.

Mdondo hauna tiba. Si kapsuli, si shubiri, si pilipili, si mwarobaini. Ukishaingia bandani kilichobaki ni kuuzuia usifike kwa jirani: usiuze waliobaki, usimpelekee mgeni kuku wa kitoweo akiwa hai, mizoga ichomwe au izikwe kina ambacho mbwa hatafukua, na manyoya yasitupwe njiani.

Ukiona kuku wakubwa wachache wanakufa mmoja mmoja kwa wiki kadhaa, kinyesi cha manjano kimegandamana nyuma na upanga wa kichwani umepauka, huo si mwendo wa mdondo. Hapo huenda ni homa ya matumbo ya kuku, ugonjwa wa bakteria, na mhudumu wa mifugo anaweza kushauri dawa. Kasi ya vifo ndiyo inayotenganisha.

Chanjo ya mdondo inayofaa boma lisilo na friji ni aina ya I-2, kwa sababu inastahimili joto kuliko nyingine. Kustahimili joto si kusahauliwa juu ya dashibodi ya matatu. Ibebe kwenye chupa ya chai yenye barafu, au ndani ya kitambaa kibichi kikapuni. Namna ya kuitoa:

Chagua jioni, kuku wakishaingia kulala. Mchana utakimbizana nao mpaka kumi wakushinde, na hao kumi ndio watakaougua. Changanya chanjo kwa maji yake maalumu au maji yaliyochemshwa yakapoa kabisa. Maji ya mfereji yenye klorini huiua. Mlaze kuku ubavu, tone moja katika jicho moja, kisha subiri apepese kabla ya kumwachia. Asipopepesa tone linamwagika shavuni na umepoteza chanjo. Kifaranga na jogoo hupata tone lilelile moja. Chupa ikishachanganywa haiwekwi hadi kesho.

Rudia kila baada ya miezi 3, na ukishindwa isipite 4. Kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka, kwa hiyo chanjo ya siku mbili kabla ya Idi au Krismasi, wakati kuku wanahama boma hadi boma, imechelewa. Chupa moja huwa na dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja. Shirikianeni majirani, kila mtu achange, mchanje jioni moja. Kuku ambaye tayari anaumwa usimchanje ukitarajia apone.

Kuku mgeni akae kwenye tenga lake, mbali na wengine, siku 14. Tenga liwe upande ambao upepo unatoka bandani kwenda kwake, si kinyume chake.

Vifaranga wanapungua

Hesabu jioni na hesabu asubuhi. Wakipungua mchana bila mzoga, ni mwindaji wa mchana: mwewe, nguchiro, kenge, na zaidi ya wote kunguru. Kunguru hawa wa kijivu shingoni si wa asili yetu. Waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, wakasambaa pwani nzima, na wanajua saa ambazo mama mwenye nyumba yuko kisimani. Wakipungua usiku, tazama fungo, paka shume au nyoka. Fungo huacha manyoya na damu. Nyoka haachi kitu.

Dawa ya kunguru ni tenga na paa. Vifaranga wafungiwe na mama yao chini ya tenga kubwa wiki 4 za mwanzo, juu yake wavu wa zamani wa kuvulia wenye matundu madogo. Wavu uliochakaa kwa samaki bado una miaka bandani.

Wakifa na mizoga ikabaki, umri ndio unaosema. Wiki ya kwanza: baridi ya usiku, kulowa, au mama aliyewaburuta kwenye umande alfajiri. Kati ya wiki ya 3 na ya 8, kinyesi kikiwa na damu, vifaranga wamejikunyata kama wanaosikia baridi juani, hiyo ni koksidia. Vijidudu vyake hukomaa kwenye sakafu yenye unyevu, hivyo hufurika mvua za masika zinapoanza, au mahali ambapo kopo la maji limekuwa likimwagika pembe moja kila siku. Dawa yake ni amproliamu ya kwenye maji, kwa kipimo kilichoandikwa pakiti, siku 5 hadi 7, ikichanganywa upya kila asubuhi, na kusiwe na maji mengine ya kunywa karibu. Watu huweka dawa kwenye kopo na kusahau dimbwi chini ya mtungi. Vifaranga huchagua dimbwi. Ondoa maranda au makapi mabichi yote, tandaza makavu, na inua chombo cha maji juu ya tofali.

Kuna tatizo jingine linalofanana na hilo ambalo pwani tunalitengeneza wenyewe: chumvi. Kifaranga anakunywa bila kukoma, anaharisha maji matupu yasiyo na damu, tumbo linajaa, anayumba, anakufa. Uliza vitu viwili. Kwanza kisima: visima vingi vya karibu na bahari, hasa kiangazi, vina maji ya chumvi, na ulimi wako ukiisikia basi kifaranga ameshazidiwa. Mpe maji ya mvua au ya mfereji. Pili jikoni: maji yaliyoroweka ng'onda yakitupwa uani, au vichwa vya ng'onda vikatwangwa na kutiwa kwenye pumba. Ng'onda ni chumvi yenye samaki ndani yake. Dagaa wakavu wasiotiwa chumvi ni chakula kizuri, ng'onda si chakula cha kuku hata kidogo.

Vitu vyeusi na vipele kichwani

Hapa watu huchanganya mambo mawili na kutumia dawa moja.

Mshike kuku mwangani, utazame kuzunguka jicho, upanga na ndevu. Ukiona vijidoa vya kahawia-nyeusi, vidogo kama mbegu za ufuta, vimejipanga kwa makundi, pitisha ukucha. Kama vimeng'ang'ania na havikwanguki kwa urahisi, na ukibana kimoja kina miguu, ni viroboto vya kuku. Jike hujikita kichwani kwenye ngozi na hakimbii kama kiroboto wa paka. Mayai yake hudondoka chini, na mabuu hukua kwenye mchanga mkavu wenye kivuli. Mchanga wa huku kwetu ni nyumba yao. Kuku mzima anayumba kwa kupungukiwa damu, na vifaranga hupofuka macho yakifunikwa.

Kama ni magamba makavu yaliyovimba, kama tone la nta iliyoungua, hayana miguu na yametokea kwa vijana wengi mara moja baada ya mvua, ni ndui ya kuku. Inaenezwa na mbu. Ni virusi, hupita wenyewe katika wiki tatu au nne iwapo kuku anaona na anakula. Safisha macho kwa maji ya chumvi kidogo, paka aidini kwenye magamba, usiyabandue. Wenye utando wa manjano ndani ya mdomo ndio walio hatarini. Chanjo ya ndui huchomwa kwenye utando wa bawa, na inafaa kutolewa kabla ya mvua, si wakati mbu wameshajaa.

Kwa viroboto, dawa ya kichwani ni mafuta mazito. Paka mafuta ya mgando au mafuta ya nazi moja kwa moja juu ya makundi. Hukosa hewa na kufa, wakidondoka baada ya siku moja au mbili. Usiwang'oe kwa kibano, utaacha vidonda. Lakini kichwa ni robo ya kazi. Siku hiyohiyo fagia banda lote, choma takataka, mwaga maji yanayochemka kwenye nyufa na kwenye mchanga, kisha tandaza jivu. Rudia baada ya siku 7 na baada ya 14, kwa sababu mabuu yaliyo mchangani hayajafa yote. Banda la kuinuliwa juu ya nguzo, sakafu ya fito zilizoachana kidogo ili kinyesi kidondoke, huondoa tatizo hili karibu lote. Fito za mikoko hudumu, ila kagua viungo vyake.

Kwa nini viungo? Kwa sababu ya papasi na utitiri, ambao mchana hawaonekani. Kuku wakikataa kuingia bandani magharibi, au mtetea akikimbia mayai usiku, nenda na tochi saa tatu usiku upapase chini ya fito na ndani ya mafundo ya kamba. Ukiona vitu bapa vya kijivu vilivyojaa damu, hao ni papasi. Maji ya moto na chokaa kwenye kila ufa, tena na tena. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usimwagie kuku, na chupa yake usiitie mafuta ya taa wala kitu kingine cha nyumbani.

Mayai hayaanguliwi, au yana ganda jepesi

Siku ya 21 imepita, ya 23 pia, na chini ya mtetea kuna mayai sita. Usiyatupe mzima mzima. Yavunje moja moja kwenye bakuli, mbali na pua.

Yai lililo safi ndani, kiini cha kawaida: halikutungwa. Jogoo ni mzee, ni mgonjwa, au wanamgombea mitetea 20. Jogoo mmoja atoshe mitetea 8 hadi 10. Yai lenye duara la damu: kiinitete kilianza kikafa mapema. Hili ndilo la kwetu hasa. Kiinitete huanza kukua taratibu joto likipita kama nyuzi 21, na Malindi ni mara chache hata usiku wa kusi kushuka chini ya hapo. Yai lililokaa jikoni karibu na meko kwa siku 12 limeanza, likasimama, likaanza tena, likafa kabla mtetea hajalikalia. Weka mayai ya kuatamiwa pembeni mwa mtungi wa maji, kwenye chombo cha mchanga, ncha iliyochongoka ikiwa chini, na yasizidi siku 7. Yai lenye kifaranga kamili kilichokufa: mtetea alisumbuliwa mwishoni, au mayai yalikuwa mengi yakawa yanapokezana kupoa. Mtetea wa kienyeji hufunika vizuri 10 hadi 12. Yai linalonuka na kutikisika maji ni viza, lilikuwa na ufa au uchafu. Usioshe mayai ya kuatamiwa, chagua yaliyo safi.

Usiku wa 7 pima kwa tochi, kiganja kimezunguka yai. Doa jeusi lenye mishipa kama mizizi, rudisha. Jeupe tupu, toa.

Ganda jepesi au laini ni upungufu wa chokaa mwilini, au joto kali la Februari na Machi linalomfanya kuku ahemee na kula kidogo. Maganda ya mayai yaliyookwa yakasagwa, au maganda ya kome na chaza yaliyooshwa chumvi na kupondwa vipande vya ukubwa wa mchele, yawekwe chombo chake peke yake. Mtetea huchukua anachohitaji. Ukiyasaga unga yanapita tumboni upesi mno.

Mbuzi kavimba chini ya taya

Uvimbe laini chini ya taya, ukiubonyeza unaacha shimo, jioni mkubwa kuliko asubuhi baada ya kuinamia majani siku nzima. Wengi huuita uvimbe wa kuumwa na mdudu. Vuta ukope wa chini wa jicho kwa kidole gumba, utazame ndani mwangani. Nyekundu kama nyama mbichi, damu ipo. Waridi hafifu, tahadhari. Nyeupe kama karatasi, mbuzi hana damu, na karibu kila mara walioinywa ni minyoo ya tumbo la nne. Huyu huenda asiharishe kabisa, ndiyo maana wengi hawafikirii minyoo. Ukope na uvimbe ndio ushahidi.

Dawa zipo za kutosha madukani: albendazoli, levamisoli, aivamektini. Kosa liko kwenye kipimo. Mtu anakadiria kwa macho, "huyu ana kilo 15", anampa kidogo, minyoo dhaifu inakufa, sugu inabaki na kuzaana. Baada ya misimu miwili dawa ile "haifanyi kazi tena". Mbuzi hupimwa kwa utepe wa fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kwa sentimita. Pima urefu kuanzia ncha ya bega hadi mfupa wa tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, gawa kwa 10,840. Mbuzi mwenye mzunguko wa 70 na urefu wa 60: 70 mara 70 ni 4,900, mara 60 ni 294,000, gawa 10,840 unapata kilo 27. Yule yule aliyekadiriwa 15.

Mbuzi pia huitoa dawa mwilini haraka kuliko kondoo, na chupa nyingi zimeandikwa kipimo cha kondoo. Muulize mhudumu wa mifugo nyongeza inayofaa kwa dawa uliyonayo. Albendazoli usimpe mbuzi aliye katika siku 30 za kwanza za mimba. Kumnywesha: kichwa kibaki usawa wa mgongo, bomba liingie pembeni mwa mdomo pasipo na meno, juu ya ulimi. Ukimwinua kichwa juu kama mtoto anayepewa uji kwa nguvu, dawa inaingia mapafuni, na wiki moja baadaye utatibu kikohozi.

Usiwape wote kwa ratiba. Wape wenye kope nyeupe na zilizopauka. Wenye nyekundu waache. Hiyo nayo huchelewesha usugu. Majani ya mwarobaini yanaliwa na mbuzi wengine na hayana neno, lakini mbuzi mwenye ukope mweupe hawezi kuyasubiri.

Halafu malisho. Mabuu ya minyoo hupanda majani yenye umande na hukaa sehemu ya chini kabisa, sentimita tano au sita kutoka ardhini. Mbuzi aliyefungwa kigingi kilekile wiki mbili, nyasi zimeisha, anakula usawa huo wenye mavi yake mwenyewe. Mfungue umande ukishakauka, hamisha kigingi kila siku, na mkatie matawi umning'inizie juu: mkilifi, lusina, majani ya mwembe. Mbuzi ni mla vichaka. Kumlisha chini kila siku ndiko kunakomtia minyoo.

Kikohozi na kamasi

Tazama kama kondoo nao wanaumwa. Mbuzi pekee, homa kali, kikohozi cha maumivu, wanasimama miguu ya mbele imetanuka na shingo imenyooshwa, wanakoroma wakitoa pumzi: homa ya mapafu ya mbuzi. Inatibika ikiwahiwa kwa antibiotiki ya mhudumu, na chanjo yake ni ya kila mwaka. Mbuzi na kondoo pamoja, kamasi na machozi yanayogandisha kope, vidonda na unga mweupe mdomoni, kisha kuhara: sotoka ya mbuzi na kondoo. Hiyo ni ya kuripoti kwa afisa wa mifugo wa wadi siku hiyohiyo, si ya kujitibia. Chanjo moja hukinga miaka 3 au zaidi. Magamba yaliyo midomoni tu, mnyama anakula na hana homa, huwa ni ukurutu wa virusi unaopona wenyewe. Ila huambukiza mikono ya anayekamua, kwa hiyo vaa glavu.

Jana mzima, leo tumbo ngoma

Upande wa kushoto umevimba kupita mgongo, ukiugonga unalia kama ngoma: gesi. Msimamishe miguu ya mbele iwe juu, sugua ubavu, mnyweshe mililita 100 hadi 150 za mafuta ya kupikia taratibu, mtembeze. Kama anadondosha mate na ananyoosha shingo, chunguza koo. Msimu wa maembe kokwa hukwama, kwa ng'ombe zaidi. Akianguka na kuhema kwa shida, ni kazi ya mhudumu sasa hivi.

Tumbo likibonyezwa linabaki na alama kama unga uliokandwa, kinyesi chachu cha maji, naye amelewa: kavamia wali. Hutokea asubuhi ya baada ya arusi au hitima, sufuria zimemwagwa nyuma ya nyumba. Wali, mkate na mahindi vikizidi ghafla huchacha tumboni na kutoa asidi. Kwa mbuzi wa kilo 20 hadi 30, vijiko viwili vya chai vya bikaboneti ya soda (si hamira) katika nusu lita ya maji ya uvuguvugu, na majani makavu peke yake siku mbili. Mbaya zaidi ya hapo, muite mhudumu.

Akipumua kwa nguvu, ufizi ukiwa mwekundu wa kung'aa, akaanguka dakika chache baada ya kula, uliza kuhusu muhogo. Majani na maganda ya muhogo mchungu, na machipukizi yanayotoka baada ya ukame, yana sumu ya sianidi. Majani yaliyonyauka nusu ni hatari hasa. Maganda yaanikwe juani hadi yavunjike, siku 2 au 3, ndipo yalishwe, tena yakichanganywa. Sumu ikishaingia kuna sindano ya mhudumu tu, naye huwa mbali.

Na anayekonda miezi mingi, tumbo kubwa, hali vizuri, minyoo imeshatibiwa: karibu na mji na barabara kuu huwa ni plastiki tumboni. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, lakini vifuko vya maziwa, kamba za nailoni na mabaki ya zamani bado yamo vichakani. Haitoki kwa dawa.

Kuchechemea

Mchanga hausagi kwato. Kwenye mwamba wa matumbawe zinajikata zenyewe; kwenye mchanga wa Msabaha zinapinda kama kiatu cha mtoto aliyevaa cha babake. Kata kila miezi 2 au 3, kidogo kidogo, ukisimama rangi ya waridi inapoanza kuonekana.

Mimba zinatoka

Mmoja katika boma, huenda ni kipigo au njaa. Wengi kwa pamoja baada ya mafuriko, na wana-mbuzi wachanga wanakufa, fikiria homa ya Bonde la Ufa. Mlipuko wa 2006 hadi 2007 ulifika pwani hii pia, nayo inaenezwa na mbu na kwa damu. Usishike kijusi wala kondo kwa mikono mitupu, usichinje anayeumwa, wanawake wajawazito wakae mbali, na ripoti. Zika, usimpe mbwa. Maziwa yachemshwe mpaka yapande, daima. Ugonjwa wa kutupa mimba wa mbuzi na ng'ombe huingia kwa binadamu kwa maziwa mabichi, kama homa isiyoisha ya miezi.

Dalili zikiwa kwa watoto

Mtoto anayetambaa akiharisha mara kwa mara ilhali maji yanachemshwa, tazama kuku wanalala wapi. Wakilala jikoni, kinyesi chao kiko kwenye mkeka. Hiyo ni sababu tosha ya kujenga banda hata la fito na makuti.

Vidole vya miguu vinavyowasha, doa jeusi katikati ya weupe: funza. Hukaa mchanga mkavu wa sakafu ya udongo, na mbwa na paka wa nyumbani huwabeba. Kuchimba kwa pini moja kwa watoto wote ni kueneza magonjwa mengine. Mafuta ya dimetikoni yakipakwa huwaua ndani bila kuchimba. Uliza zahanati, na uhakikishe chanjo ya pepopunda. Sakafu inyunyizwe maji na kufagiwa kila siku, au ipigwe saruji japo sehemu ya kulala.

Mbwa akimuuma mtoto, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 ukitazama saa, kabla ya kutafuta gari. Mengine yote ni hospitali, siku hiyohiyo, hata jeraha likiwa dogo. Mbwa asiuawe kama anaweza kufungwa salama: atazamwe siku 10 kama ana kichaa cha mbwa. Wakati huo mtoto anaendelea na sindano zake, bila kungoja majibu ya mbwa.